Emahoy wa Addis Ababa na somo lake kwa wapiga kinanda wa ukanda wa dhahabu

Machi 2023, katika nyumba ya watawa ya Kanisa la Orthodoksi la Ethiopia mjini Jerusalem, alifariki dunia bibi mmoja aliyekuwa na umri wa miaka 99. Alikuwa mtawa, na chumba chake kilikuwa kidogo: kitanda, picha takatifu ukutani na piano. Jina lake la kitawa ni Emahoy Tsegué-Maryam Guèbrou. Magazeti ya Ulaya na Marekani yaliandika tanzia ndefu juu yake, na vijana ambao hawajawahi kukanyaga Ethiopia walimlilia mtandaoni kama waliyemjua.

Nawaletea habari zake wasomaji wa Shinyanga, Kahama na Geita kwa sababu kati ya wapiga piano wakubwa waliozaliwa Afrika Mashariki, ni wachache ambao maisha yao yanatugusa sisi watu wa kwaya kama yanavyotugusa ya huyu. Alikuwa na kipaji, akapata mwalimu, akafungiwa mlango wa dunia, akaiacha piano, kisha akairudia kwa ajili ya watoto wasio na uwezo. Katika mikoa yetu vipaji vimejaa. Hatua ya pili, ile ya kupata mwalimu, ndiyo inayotukwamisha.

Binti wa Addis

Alizaliwa Addis Ababa Desemba 12, 1923, akaitwa Yewubdar. Baba yake, Kentiba Gebru Desta, alikuwa msomi na mwanadiplomasia aliyewahi kuwa meya wa Gondar. Mzee huyu alisoma Ulaya na aliamini elimu ya watoto wa kike wakati ambapo wengi hawakuiwazia. Yewubdar alipofikisha miaka sita alipelekwa shule ya bweni Uswisi pamoja na dada yake, Senedu.

Huko ndiko alikoshika fidla kwa mara ya kwanza, kisha piano. Huko pia alihudhuria onyesho la mpiga piano kipofu, na tukio hilo alilikumbuka hadi uzeeni. Senedu naye alishika njia yake: akawa mwalimu, akaongoza shule ya wasichana Addis Ababa, na mwaka 1957 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuingia Bunge la Ethiopia. Mzazi mmoja aliyeamua kusomesha mabinti aliipa nchi yake mbunge na mpiga piano.

Yewubdar alirudi nyumbani mwaka 1933. Miaka miwili baadaye majeshi ya Mussolini yaliivamia Ethiopia. Watu watatu wa familia yake waliuawa, na mwaka 1937 yeye na jamaa zake walichukuliwa mateka hadi kisiwa cha Asinara, kisha Mercogliano, karibu na Naples. Alikuwa msichana wa miaka 13.

Vita hivyo vilipokwisha alikwenda Cairo kusoma kwa Alexander Kontorowicz, mpiga fidla Mpolandi. Ratiba yake huko ilikuwa nzito: mazoezi ya saa 9 kila siku, saa 5 za piano na saa 4 za fidla. Joto la Cairo lilimdhoofisha afya, ikabidi arudi Addis Ababa, na mwalimu wake akaja naye. Kontorowicz akakabidhiwa kuongoza bendi ya walinzi wa Mfalme Haile Selassie, na masomo yakaendelea.

Saa 9 kwa siku zinahitaji maelezo kwa msomaji ambaye hajawahi kukaa mbele ya piano. Piano ina vitufe 88. Vidole kumi vinatakiwa kujifunza kufanya kazi tofauti kwa wakati mmoja: mkono wa kushoto unashika besi na mapigo, wa kulia unaimba, na mguu unakanyaga kanyagio linaloamua sauti ikae hewani muda gani. Kidole cha nne ni dhaifu kwa maumbile, kwa hiyo kinapewa mazoezi yake peke yake. Kidole gumba kinafundishwa kupita chini ya vingine ili mkono utambae kwenye vitufe bila kukatika. Hakuna anayeyapata haya kwa kuwa na sikio zuri tu. Ni kazi ya mikono, na inahitaji mtu aliyekwishaipitia akae kando yako, akusahihishe leo na kesho.

Mlango uliofungwa

Jitihada zake zilimpatia nafasi ya ufadhili kwenye chuo cha Royal Academy of Music, London. Kwa mpiga piano kijana hakukuwa na jambo kubwa kuliko hilo. Lakini ruhusa ya kuondoka ilikataliwa. Yewubdar alivunjika moyo kiasi cha kukataa chakula kwa siku 12. Akiwa hoi kitandani aliomba Komunyo Takatifu, na baada ya kuipokea, kama alivyosimulia mwenyewe, moyo wake ulitulia.

Alikuwa na umri wa miaka 19 alipoondoka Addis Ababa kwa siri kwenda Gishen Mariam, monasteri iliyo juu ya milima ya Wollo. Akiwa na miaka 21 alipokea utawa. Aliishi huko miaka kama 10, akitembea pekupeku na kulala kwenye kibanda cha udongo. Piano haikuwepo. Vidole vilivyofundishwa kwa saa 9 kila siku vilikaa miaka yote hiyo bila kugusa kitufe.

Wapo watakaosema kipaji kilipotea bure milimani. Mimi nasema kilipata jambo la kusema. Muziki alioutunga baadaye una utulivu ambao mwanafunzi aliyetoka chuo moja kwa moja hadi jukwaani huwa hana.

Piano iliyosomesha watoto

Miaka ya 1960 Emahoy alikuwa Gondar akisoma nyimbo za kale za kanisa, zile zinazohusishwa na Mtakatifu Yared wa karne ya 6. Kila alipokwenda kanisani aliwakuta vijana wamelala nje ya lango. Walikuwa wanafunzi wa uimbaji wa kanisa waliotoka vijiji vya mbali, wakiomba chakula mchana na kulala nje usiku ili mradi wasome. Hakuwa na fedha za kuwapa. Alichokuwa nacho ni mikono yake, akaamua muziki wake ndio uwasaidie vijana wa namna ile kupata elimu.

Mwaka 1967 alirekodi santuri yake ya kwanza nchini Ujerumani, na mapato yakaelekezwa kwa watoto wenye shida. Nyingine zikafuata kwa nia hiyohiyo. Baada ya mama yake kufariki, na nchi ikiwa chini ya utawala wa kijeshi wa Derg, mwaka 1984 alihamia Jerusalem, akaishi huko hadi mwisho wa maisha yake.

Dunia ilimsikia kwa kuchelewa. Mwaka 2006 tungo zake zilitolewa upya katika juzuu ya 21 ya mfululizo wa Éthiopiques, ulioasisiwa na Mfaransa Francis Falceto, na hapo jina lake likatoka nje ya monasteri. Mwaka 2013, alipokuwa akitimiza miaka 90, maonyesho ya muziki wake yalifanyika Jerusalem, na mpiga piano Maya Dunietz alisaidia kuzikusanya noti zake na kuzichapisha kitabuni. Alitunga vipande takribani 150. Taasisi yenye jina lake ilianzishwa ili kuwasaidia watoto wasiojiweza kusoma muziki. Mtu aliyenyimwa safari ya kwenda kusoma akaacha chombo cha kuwasomesha wengine.

Anayetaka kumsikia atafute mtandaoni kipande chake kiitwacho The Homeless Wanderer. Kaa nacho dakika zote. Mkono wa kushoto unatembea taratibu kama waltzi za Chopin, lakini wimbo wa mkono wa kulia umejengwa juu ya ngazi ya sauti tano za Ethiopia, ileile ya kanisani kwao. Mapigo hayakimbizwi. Anachelewesha sauti moja, anaizungushia mapambo madogo, kisha anaiachia. Aliyesoma kwa Mpolandi hakupiga Kipolandi. Alichukua ufundi wa mwalimu akasema nao habari za kwao, na hilo ndilo lengo la kufundishwa vizuri.

Mwalimu humzaa mwalimu

Muziki wa piano husafiri kutoka mkono hadi mkono. Chukua mfano wa William Masselos, Mmarekani mwenye asili ya Ugiriki, aliyezaliwa Niagara Falls mwaka 1920 na kufariki mwaka 1992. Alifundishwa na Carl Friedberg katika chuo cha Juilliard, New York. Friedberg mwenyewe alifundishwa Ujerumani na Clara Schumann, mpiga piano mkubwa wa karne ya 19. Masselos ndiye aliyepiga hadharani kwa mara ya kwanza Sonata ya Kwanza ya Charles Ives mwaka 1949, na Piano Fantasy ya Aaron Copland mwaka 1957. Uzeeni akarudi Juilliard kufundisha. Kijana aliyekaa mbele yake miaka ya 1970 alikuwa mwanafunzi wa mwanafunzi wa mwanafunzi wa Clara Schumann.

Jirani zetu Waethiopia nao wanao mnyororo wao. Girma Yifrashewa, aliyezaliwa Addis Ababa mwaka 1967, alianza na krar, kinubi cha kwao, akakutana na piano katika Shule ya Muziki ya Yared akiwa kijana mkubwa, akaenda Sofia, Bulgaria, kisha akarudi kufundisha palepale Yared. Leo anatambulika kwa maonyesho yake nje ya nchi. Tazama mfumo ulivyofanya kazi: kulikuwa na shule, ikampokea, ikamtuma, ikampokea tena akiwa mwalimu.

Usukumani hatuhitaji kufundishwa maana ya jambo hili. Ningi, yule mtunzi na kiongozi wa ngoma, hakuibuka tu. Alikaa chini ya ningi mwingine, akabeba ngoma, akaitikia nyimbo, akajifunza namna ya kuliteka kundi la watu. Bagika na bagalu, makundi mawili ya ngoma, wameshindana vizazi kwa vizazi baada ya mavuno, pande zote mbili zikicheza kwa wakati mmoja, na ushindi kwenda kwa waliovuta watu wengi zaidi. Mashindano ya namna ile hayaendeshwi na watu wasiofundishwa. Mtafiti Frank Gunderson alikusanya mamia ya nyimbo za kazi za Wasukuma katika kitabu kilichotoka mwaka 2010, na kule Bujora, nje kidogo ya Mwanza, makumbusho yanahifadhi ngoma na kumbukumbu za jadi hiyo. Babu zetu walijua kwamba sanaa bila mafunzo hufa na mwenye nayo.

Kinanda kilipoingia makanisani mwetu, utaratibu huo haukukifuata. Chombo kilikuja, mwalimu hakuja.

Jumamosi jioni kanisani

Ingia kanisa lolote la Katoro, Nyarugusu, Kakola au Ngokolo Jumamosi jioni, wakati wa mazoezi. Ubaoni mwalimu wa kwaya ameandika d r m f kwa chaki, sauti nne zimepangwa safu kwa safu. Sauti ya kwanza inajifunza upande wake, besi inasubiri. Pembeni, kwenye stendi iliyofungwa kwa waya, kuna kinanda chenye vitufe 61, kimoja kimezama hakirudi. Anayekipiga ni kijana ambaye Jumatatu hadi Ijumaa yuko kwenye karasha la kusaga mawe au kwenye duara la wachimbaji. Kucha zake bado zina vumbi la mawe.

Mwangalie anavyofanya kazi. Kwaya inaanza wimbo kwa urefu wa sauti unaowafaa. Yeye anasikiliza kidogo, anabonyeza kitufe cha kupandisha na kushusha sauti mara mbili au tatu hadi kinanda kiendane na waimbaji, halafu anapiga. Mikono yake haitoki kwenye vitufe vyeupe. Nyimbo zote anazipiga kwenye do ileile, mashine inamhamishia. Vidole vitatu vya mkono wa kulia ndivyo vinavyofanya karibu kazi yote, na kidole gumba kinaning'inia nje. Pamoja na hayo anajaza kanisa. Anajua wapi aingize daraja kabla ya kiitikio, wapi anyamaze waimbaji wasikike wenyewe. Sikio lake ni la ajabu, na hakuna aliyemfundisha. Alijifunza kwa kumtazama aliyemtangulia begani, na siku hizi kwa kutazama video kwenye simu.

Sasa mpeleke kijana huyo mbele ya piano halisi. Haina kitufe cha kuhamisha sauti. Vitufe vyake ni vizito, vinataka nguvu ya mkono mzima. Mbele yake imewekwa karatasi ya noti, mistari mitano yenye alama nyeusi. Kijana aliyelijaza kanisa Jumapili anajiona hajui kitu, na anaondoka akiamini piano ni ya watu wengine. Hapo ndipo tunapowapoteza. Kilichomshinda ni miaka miwili au mitatu ya mafunzo ya mwanzo ambayo hakuwahi kupewa: skala 12, kusoma noti, matumizi ya vidole vyote kumi.

Tuwaangalie na mabinti. Katika kwaya zetu wao ndio wengi, wanabeba sauti ya kwanza na ya pili, lakini kwenye kinanda huwaoni mara nyingi. Kinanda hupigwa hadi usiku, hubebwa kwenye bodaboda kwenda mikutano ya injili, na wazazi wengi hawamruhusu binti ratiba hiyo. Somo la mchana, darasani, lenye mwalimu anayejulikana, lingewafungulia njia. Dada wawili wa Addis Ababa wangebaki bila kusikika kama mzee Gebru angesubiri mazingira yabadilike yenyewe.

Fedha ipo, na tumekwisha kuitumia vizuri

Atakayetaka kusoma muziki leo kutoka Geita atafunga safari ndefu. Bagamoyo kuna TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha sanaa za maonyesho na muziki. Chuo Kikuu cha Makumira, Arusha, kinatoa shahada ya muziki. Zanzibar kuna chuo cha muziki cha Dhow Countries, tangu mwaka 2002. Vyote ni vyuo vya heshima, na mwanafunzi hufaidi zaidi akiwa na msingi fulani kabla ya kufika. Msingi huo hujengwa mtoto akiwa na miaka minane au kumi, nyumbani kwao, na huku kwetu hauna mahali pa kujengwa.

Hatuwezi kusema ni umaskini. Almasi ya Mwadui imechimbwa tangu mwaka 1940. Mgodi wa Geita umezalisha dhahabu tangu mwaka 2000, na Bulyanhulu ulifuata mwaka 2001. Marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017 yanautaka mgodi kuandaa kila mwaka mpango wa kuihudumia jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake. Fedha hizo zimejenga madarasa, zahanati na visima, na ni haki zitangulie huko.

Zimefika hata michezoni. Geita Gold, timu iliyobebwa na udhamini wa mgodi, ilipanda Ligi Kuu na kucheza msimu wa 2021/22. Msimu huohuo wa kwanza mshambuliaji wake, George Mpole, akamaliza kinara wa mabao wa ligi nzima kwa mabao 17, mbele ya washambuliaji wa Simba na Yanga. Timu ikapata na tiketi ya mashindano ya Afrika. Kipaji kilipowekewa kocha, uwanja na mshahara, mkoa uliozaliwa mwaka 2012 tu ulisimama juu ya orodha ya wafungaji ya taifa. Alama ya kuuliza kama vijana wetu wanaweza ilifutwa siku hiyo.

Muziki unahitaji sehemu ndogo sana ya fedha zilizokwenda kwenye mpira. Chumba kimoja katika shule ya msingi iliyo katikati ya mji, chenye mlango unaofungwa na umeme wa uhakika. Vinanda vinne vya vitufe 88 vyenye uzito wa piano. Mwalimu mmoja aliyesoma Makumira, Dar es Salaam au Bagamoyo, anayelipwa mshahara kama mwalimu mwingine yeyote, akifundisha watoto mchana baada ya masomo na wapiga kinanda wa makanisani jioni. Wapo wahitimu wa fani hii wanaotafuta ajira. Makanisa yetu, Wakatoliki, AICT, Walutheri na Wapentekoste, yanaweza kukubaliana kuchangia vinanda, kwa kuwa yote yatavuna wapigaji. Ningi wa kijijini naye aitwe chumbani humo awafundishe watoto nyimbo za kwao, ili mtoto akishajua noti awe na lake la kuandika, kama Emahoy alivyokuwa na ngazi ya sauti tano ya kanisa lake.

Walimu wa kwaya wa ukanda huu wamefanya kazi hii miaka mingi bila malipo. Wameinunua chaki kwa fedha zao, wamenakili solfa kwa mkono hadi usiku, wamekopa kinanda cha parokia jirani ili watu waimbe Pasaka. Naandika makala hii kwa heshima yao kwanza. Wao wamelitunza sikio la vijana wetu hadi hapa lilipofika, na hawastahili kuachiwa peke yao mzigo wa kulifikisha mbele zaidi.

Halmashauri hupanga bajeti zake miezi kabla ya Julai, na mpango wa mgodi kwa jamii hujadiliwa na halmashauri hizohizo. Kila diwani wa Geita, Kahama, Msalala, Shinyanga na Kishapu ana kata yenye kwaya, na kila kwaya ina mpiga kinanda asiyewahi kufundishwa. Wanakwaya ni wapigakura. Waandike barua, waende kwenye vikao vya kata, waombe kifungu kimoja chenye mshahara wa mwalimu mmoja wa muziki kwa kila wilaya. Mtoto atakayeanza naye mwakani akiwa na miaka minane atakuwa na mafunzo ya miaka kumi atakapofikisha 18, na atakayemfundisha baada ya hapo atakuwa amepata mwalimu nyumbani kwao.